Sikupigana, Nilitengeneza Malori Tu

Kwenye sherehe za Waswahili huku Minnesota, pilau likishaliwa na watoto wakishatoka nje, mazungumzo ya wakubwa hurudi palepale: shifti. Nani yuko usiku, nani anapiga dabo, agensi gani inalipa vizuri wikiendi. Wengi wetu tunafanya kazi ya kuosha wazee na hatuoni haya tena kuitaja kwa jina hilo. Tunajua mzee yupi anapenda chai ya moto sana na yupi atakutukana kabla hajaamka vizuri, halafu akuombe radhi saa nne. Tusichokijua ni nani anayelipa.

Mimi nilikuja kukijua kwa sababu binti wa mzee wangu mmoja alikuwa na tabia ya kufanyia hesabu zake kwenye meza ya jikoni, na mimi nipo hapohapo namkatia babu mkate vipande vidogo. Agensi ilikuwa ikiwatoza dola 34 kwa saa. Iliyokuwa ikinifikia mimi ni kidogo zaidi ya nusu, lakini hilo tuliache, lina siku yake.

Dola 34 wala si ulanguzi. Ndiyo iliyokuwa bei ya kati ya msaidizi wa nyumbani kwa Marekani nzima, kwa utafiti wa kampuni za Genworth na CareScout wa mwaka 2024. Utafiti huohuo unasema nyumba ya wazee ya aina ile ambayo mtu ana chumba chake na anasaidiwa kuoga na kumeza dawa ilikuwa dola 70,800 kwa mwaka. Nasingi homu, yaani nyumba ya uuguzi, kitanda kwenye chumba cha watu wawili, dola 111,325. Hizo ni fedha za kumaliza nyumba na shamba, na zinawamaliza kweli.

Familia nyingi zinaamini Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, italipa. Hailipi. Medicare inalipia nasingi homu kwa muda mfupi, mtu akitoka kulazwa hospitali, tena kwa ajili ya kumrudisha kwenye hali yake: siku 20 za kwanza zote, kisha mpaka siku ya 100 mgonjwa akichangia, basi. Kuogeshwa, kuvishwa na kubadilishwa pempasi kila siku mpaka Mungu atakapoamua, hilo halimo. Anayelipia hayo ni Medicaid, mpango wa serikali wa matibabu kwa maskini, naye anakutaka uwe umeshafilisika. Katika majimbo mengi mtu aliye peke yake hatakiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000. Wazee wengi tunaowahudumia wako katikati: wana kidogo mno cha kujilipia, na kingi mno cha kusaidiwa.

Babu, nitamwita hivyo, na mambo mengine nimeyageuza ili asijulikane, alikuwa hapo katikati. Nyumbani kwake hapakuwa na bendera wala medali ukutani. Siku moja nampaka mafuta miguu, akaniambia kwamba giaboksi ya lori alijifunza kuifungua Ujerumani.

"Ulikwenda kusoma?"

"Jeshini. Mwaka 1953."

Nilimwambia binti yake jioni ileile. Yeye alikuwa analijua, ila alishalimaliza zamani. Aliwahi kumwambia baba yake waulizie VA, idara ya serikali inayoshughulikia maveterani, na mzee akakataa kwa sentensi ambayo ameirudia mbele yangu mara nyingi: "Sikupigana. Nilitengeneza malori tu. Hizo hela ni za waliokwenda Korea."

Nilimpenda kwa neno hilo. Lakini sheria haimuulizi swali hilo. Inauliza kama alitumikia jeshi siku zisizopungua 90, kama angalau siku moja kati ya hizo iliangukia kipindi cha vita, na kama hakufukuzwa kwa aibu. Kipindi cha vita vya Korea kisheria ni kuanzia tarehe 27 Juni 1950 hadi 31 Januari 1955. Popote ulipokuwa siku hizo, Korea, Ujerumani au jikoni kwenye kambi ya Texas, unahesabika. Kwa Vietnam ni tarehe 5 Agosti 1964 hadi 7 Mei 1975, na kwa waliofika Vietnam yenyewe kinaanza mapema zaidi. Cha Ghuba kilianza tarehe 2 Agosti 1990 na hakijafungwa hadi leo, maana yake vijana wanaoingia jeshini sasa hivi wanaingia wakati wa vita, kwenye karatasi. Walioingia baada ya tarehe 7 Septemba 1980 kwa kawaida wanatakiwa wawe wametumikia miezi 24, au muda wote walioitiwa.

Watu huchanganya fedha mbili za VA. Moja ni fidia ya aliyeumia au kuugua kwa sababu ya jeshi. Nyingine ni pensheni ya veterani wa kipindi cha vita aliyefika miaka 65, au aliyelemaa kabisa, na kipato chake ni kidogo. Huyo hahitaji kuwa na jeraha la risasi. Juu ya pensheni hiyo kuna nyongeza inayoitwa Aid and Attendance, ya mtu ambaye hawezi kuoga, kuvaa au kula bila mkono wa mwenzake, au yuko kitandani, au yuko nasingi homu, au macho yamekwisha. Nyongeza hiyo ndiyo habari yangu leo.

Aliyemlegeza babu hakuwa mimi wala binti yake. Minnesota ina kaunti 87, na kila moja ina afisa wa maveterani anayesaidia watu kujaza fomu bila malipo. Wa kwetu alikuja nyumbani, akanywa kahawa, akasikiliza habari za malori mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Walipokuita jeshini, walikuuliza unataka kupelekwa wapi?"

"Hapana."

"Basi."

Akatoa fomu ya kwanza, 21-0966, ukurasa mfupi tu wa kusema kwamba una nia ya kuomba. Anayeijaza anapewa mwaka mzima wa kukusanya vielelezo, na ombi likikubaliwa malipo huhesabiwa kuanzia siku ya nia, si siku ulipomaliza makaratasi. Familia nyingi hukaa miezi zikitafuta cheti cha kutoka jeshini kwanza ndipo ziombe, na miezi hiyo inapotea bure.

Cheti kwa babu ndicho kilichokuwa tabu. Alihama nacho mara kadhaa, mwisho hakikuonekana. Ukiagiza nakala serikalini utaambiwa habari ya moto. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi mjini St. Louis liliungua, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Kwa waliotoka jeshi la nchi kavu kati ya 1912 na 1960, kama asilimia 80 ya mafaili yalikwenda na moto. Hakukuwa na nakala nyingine, na hapakuwa na orodha kamili ya kuonyesha nini kilikuwemo. Babu alitoka 1954.

Hapo ndipo afisa yule alipoonyesha ukongwe wake wa kazi. Akauliza mzee alirudi wapi alipotoka jeshini, kijiji gani, kaunti gani. Enzi zile vijana wengi wakirudi waliambiwa wapeleke cheti mahakama ya kaunti kikanakiliwe kwenye daftari. Binti akaendesha gari mpaka huko, karibu na mpaka wa Dakota Kusini, karani akashuka chini na kurudi na buku kubwa lenye jalada la turubai. Jina lipo. Tarehe ya kuingia, ya kutoka, cheo, na hata urefu wa kijana wakati ule. Wasipokibahatisha namna hiyo kuna njia ndefu, fomu NA 13055, ambayo wataalamu wa kumbukumbu huitumia kukusanya vipande kutoka kwenye hati za mishahara na mahali pengine. Inawezekana, ila inataka subira.

Sasa nifike kwa daktari, maana hapo ndipo kazi yetu sisi inapoingia.

Fomu inaitwa 21-2680. Daktari anaandika mtu huyu anaweza nini na hawezi nini. Siku ya miadi babu aliamka akataka kunyolewa. Akataka shati jeupe na tai. Kulivaa shati lile kulituchukua sehemu kubwa ya asubuhi: mkono wa kushoto hauinuki, inabidi uanze na huo, uuvute taratibu, kisha umzungushe mgongoni, na vifungo vyote nimefunga mimi, yeye akishikilia ukingo wa sinki miguu ikitetemeka. Kufika hospitali akakataa kiti cha magurudumu. Akaingia kwa daktari kwa kigari chake cha kutembelea, mgongo umenyooka, ananukia sabuni.

"Unaendeleaje?"

"Salama. Najitegemea."

Daktari alikuwa karibu kuandika hivyohivyo. Alimwona mtu nadhifu mwenye tai, na hakuwa na muda wa kukaa naye mpaka jioni. Binti ndiye aliyefungua mkoba akatoa nakala za maandishi ya shifti, ambazo alikuwa ameziomba agensi rasmi, kwa barua. Ni yale tunayoandika kila siku kabla ya kutoka: amesimamiwa wakati wa kuoga, amefungwa vifungo, chakula kimekatwa, usiku ametaka kwenda chooni na hakuweza kuinuka peke yake, ametoka nje kwa kushikwa. Siku baada ya siku. Daktari alizisoma, akamtazama mzee, akamwomba afungue kifungo kimoja cha shati. Kimoja tu. Babu alijaribu, halafu akaanza kuzungumzia mvua.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu, acheni kuandika "yuko vizuri, hana shida" ili muwahi basi. Kama umemwogesha, andika umemwogesha, na ulimshika wapi. Mimi na wewe ndio tuliopo saa kumi na mbili asubuhi wakati mzee hajavaa tai. Na si kwamba unamtetea kwa kuongeza chumvi, ukiongeza utaharibu. Andika lililotokea tu. Wala usijiingize kwenye kumjazia fomu au kushika hundi zake, hiyo ni kazi ya familia na afisa, na ukionekana karibu na fedha za mzee utaondoka na jina baya hata kama hukugusa senti.

Hesabu zake zina ujanja ambao watu hawauoni. Pensheni hii inaangalia kipato, na mwenye kipato kizuri kidogo akisikia hivyo hukata tamaa. Lakini VA inakata gharama za matunzo kutoka kwenye kipato kabla ya kukuhukumu. Chukua mzee aliye peke yake mwenye dola 2,300 kwa mwezi, Social Security, yaani malipo ya serikali ya uzeeni, pamoja na pensheni ndogo ya kiwandani. Kwa mwaka ni 27,600. Kiwango cha juu cha pensheni pamoja na nyongeza hii kwa mtu peke yake, kuanzia Desemba 2024 hadi Novemba 2025, kilikuwa dola 28,300 kwa mwaka; tufanye hesabu kwa kiwango hicho. Ukitazama hivyo tu, atapata dola 700 kwa mwaka mzima. Sasa weka nyumba ya wazee ya dola 70,800. Ondoa dola 848 za mwanzo ambazo VA haizihesabu, zinazobaki zote zinakatwa kwenye kipato chake. Kipato kinakuwa sifuri, naye analipwa kiwango chote, dola 2,358 kwa mwezi.

Jumlisha na zake 2,300, anakuwa na 4,658. Nyumba ya wazee inataka 5,900. Bado kuna pengo la zaidi ya dola 1,200 kila mwezi, na atakayekuambia kwamba VA italipa yote anakudanganya. Ila mweke mzee huyohuyo nyumbani kwake na msaidizi wa saa 20 kwa wiki kwa dola 34. Hiyo ni kama dola 2,950 kwa mwezi. Fedha za VA zinabeba 2,358, anaongeza chini ya 600 kutoka mfukoni, na kipato chake kinachobaki ni cha chakula na umeme. Kwa maoni yangu fedha hizi zinafaa zaidi kwa aliye bado nyumbani, na ajabu ni kwamba watu hukumbuka kuziomba wakati mzee ameshahamishwa.

Mali nayo huangaliwa. Kwa kipindi hichohicho, mali pamoja na kipato cha mwaka havikutakiwa kuzidi dola 159,240, lakini nyumba anayoishi na gari lake havihesabiwi. Tangu tarehe 18 Oktoba 2018 VA hutazama nyuma miaka 3, kuona kama uligawa mali ili uonekane huna kitu. Hapo ndipo matapeli hupatia riziki. Huja kwenye kumbi za wazee na chakula cha mchana cha bure, wakiuza mipango ya kuficha fedha na kuahidi kukujazia fomu kwa malipo. Hakuna mtu anayeruhusiwa kumtoza veterani fedha kwa kuandaa ombi la kwanza. Akikutajia bei, kula chakula chake uondoke.

Kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja, na nalisema nikijua wengine watanuna. Kazi za praiveti za kulipwa taslimu mkononi. Binti anamlipa dada wa Kenya dola kadhaa kwa saa, bila karatasi, kila mtu anafurahi. Lakini gharama isiyo na ushahidi VA haiikati. Wanataka kuona hundi, makubaliano yaliyoandikwa, jina la aliyelipwa. Mzee anakosa dola elfu mbili kwa mwezi ili wewe uepuke kodi. Na wewe mwenyewe unajikata: Social Security ya uzeeni inataka pointi 40, ambazo kwa kawaida ni miaka kumi ya kazi inayokatwa kodi, na saa za mfukoni hazina pointi. Wako kina mama zetu hapa wameosha wazee tangu walipokuja na hawana cha kuonyesha. Msaidizi wa mtu aliyekubaliwa nyongeza hii si lazima awe na leseni, hata mtoto wake anaweza kulipwa, ili mradi malipo ni ya kweli na yanaonekana.

Barua ya VA ya kumkubalia babu ilikuja baada ya miezi, ingawa waliovuka miaka 85 hupewa kipaumbele wakiomba. Malimbikizo yakahesabiwa tangu siku ya ile fomu fupi. Aliisoma mara mbili kwa lenzi yake, akauliza kama na mimi nitaongezwa. Sikuongezwa.

Wajane wasisahaulike. Mke wa veterani wa kipindi cha vita ambaye hakuolewa tena anaweza kuomba kwa jina lake, na kiwango chake cha pensheni pamoja na nyongeza, kuanzia Desemba 2024 hadi Novemba 2025, kilikuwa dola 18,187 kwa mwaka. Nimewahi kumhudumia bibi ambaye mumewe alikuwa baharia wakati wa Vietnam, hajawahi kufika Vietnam, na hakuna aliyewahi kumwambia. Akifiwa, mtu huambiwa habari za jeneza na bendera tu.

Na mzee akija kuishiwa kabisa akaingia nasingi homu kwa Medicaid, akiwa hana mke wala mtegemezi, pensheni hushuka hadi dola 90 kwa mwezi. Hizo ni zake za mfukoni: kinyozi, pipi, soksi. Familia hushtuka, lakini wakati huo anayelipa kitanda ni Medicaid. Kabla ya kufika hapo inafaa kuuliza nyumba za maveterani za jimbo. Minnesota inazo Minneapolis, Hastings, Luverne, Fergus Falls na Silver Bay, na mpya zimefunguliwa Bemidji, Montevideo na Preston. VA huchangia kila siku kwa kila mkazi, na foleni yake ni ndefu, kwa hiyo jina liandikishwe mapema.

Nikiwa katika makaratasi haya yote nilikuwa nikiwawaza wazee wetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza huko Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma kupigana vita vya watu wengine. Hao walipigana kweli. Ni mwaka 2018 ndipo Uingereza ilipotangaza fungu la fedha kwa maveterani wa zamani wa makoloni waliokuwa wakiishi kwenye ufukara, na wengi walikuwa wameshazikwa. Babu nilimsimulia. Akaniuliza walikuwa wakitumia malori gani.

Kuna maveterani wapya wanaozungumza Kiswahili, na hawa ni wa kwetu kabisa. Mpango wa jeshi la Marekani wa MAVNI, ulioanza 2009, ulichukua wahamiaji kwa sababu ya lugha zao, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Wakenya na Watanzania waliingia, wakapata uraia, wengine sasa ni manesi, wengine madereva wa malori ya masafa. Kipindi chao kisheria ni cha vita vya Ghuba. Bado ni vijana, hakuna anayewaza kuogeshwa. Mmoja ni mpwa wangu, na DD-214 yake, cheti chenyewe cha kutoka jeshini, ilikuwa kwenye boksi la viatu pamoja na chaja za simu zilizokufa. Nimemwambia aipeleke ofisi ya kaunti ikaandikishwe, kaunti nyingi hazitozi kitu. Amesema ataenda Jumatatu.